Kufufua Tembe la Kale Tabora Liwe Mgahawa: Mwongozo Kamili

Tembe lenye kuta za udongo zenye unene wa nusu mita huweza kusimama zaidi ya miaka mia, kisha likaanza kumeguka ndani ya misimu miwili ya mvua baada ya mwenyewe kulipiga lipu ya saruji ili lipendeze. Hilo ndilo kosa ghali kuliko yote, na hufanywa na watu wenye nia njema. Ukuta wa udongo hunyonya unyevu kutoka ardhini, kisha huutoa kupitia uso wake. Ukiuziba, unyevu hukwama nyuma ya saruji, udongo hulainika, na siku lipu inapobanduka huondoka na sentimita 5 za ukuta wenyewe.

Kwa hiyo kanuni ya kazi yote ni moja: jengo la kale libaki kavu na lipumue. Jiko, sinki, vyoo na tenki la maji vikae kwenye jengo jipya pembeni. Tembe liwe mahali pa kukaa na kula tu.

Tembe tunalolizungumzia ni lile lililoenea Unyanyembe, eneo linalouzunguka mji wa Tabora, enzi za misafara: kuta nene za udongo, baraza mbele, ua katikati, na dari la magogo yaliyolazwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake fito, nyasi na udongo ulioshindiliwa. Anayetaka kuona umbo lake kwa macho aende Kwihara, alikokaa mpelelezi David Livingstone mwaka 1872. Tembe la pale limejengwa upya na sasa ni makumbusho. Mengi yaliyobaki mjini yamekwisha kupauliwa mabati, lakini ukipanda juu ya dari mara nyingi utakuta magogo ya zamani na udongo wake bado vipo.

Karatasi kwanza, koleo baadaye

Nyumba hizi kwa kawaida ni za mirathi. Anayekupangisha anaweza kuwa mmoja kati ya warithi 9, na wa kumi akatokea siku unapofungua. Dai barua ya usimamizi wa mirathi, saini za warithi wote, na mkataba wa miaka isiyopungua 10. Chini ya hapo utakuwa umemtengenezea mwenzako nyumba.

Nenda Idara ya Mambo ya Kale, iliyo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, kabla ya kubomoa chochote. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahesabu jengo lililojengwa kabla ya 1863 kuwa kumbukumbu ya kale, na inalinda milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya 1940. Maana yake ni kwamba hata kama nyumba yenyewe haina umri huo, mlango wake wa nakshi unaweza kuwa umelindwa, na wale wanaopita na lori wakiulizia milango ya kununua wasikushawishi.

Mengine ni ya kawaida: kibali cha ujenzi na leseni ya biashara Halmashauri ya Manispaa, TIN kutoka TRA, jina la biashara kwa wakala wa usajili, BRELA, ukaguzi wa Zimamoto, na usajili wa jengo la chakula. Muite afisa afya aone mchoro wa jiko kabla hujajenga. Ukimwita baada ya kujenga, atakuonyesha ukuta wa kubomoa.

Kulisoma jengo

Tumia siku mbili nzima, na ikiwezekana moja iwe ya mvua. Chukua timazi, bisibisi ndefu, nyundo ndogo, futi kamba, tochi na penseli.

Anza juu. Magogo gani yamelowa, na maji yanatokea wapi? Gonga kila gogo kwa nyundo kuanzia katikati kwenda ncha mbili zinazoingia ukutani. Gogo zima hulia kavu na kwa ukali; lililoliwa hulia kama debe. Kisha choma bisibisi kwenye ncha. Ikizama zaidi ya sentimita 2 bila kusukuma kwa nguvu, ncha hiyo haibebi tena kitu. Ncha ndizo huoza kwanza kwa sababu zimezikwa kwenye udongo unaolowa juu ya ukuta.

Shuka kwenye kuta. Ufa wa chini ya milimita 3 ni wa juu juu. Unaopita sentimita 1, au unaopanua mdomo kadiri unavyopanda, unaonyesha ukuta umesogea. Bandika kipande chembamba cha jasi kuuvuka ufa, andika tarehe, rudi baada ya wiki 6. Kikikatika, ufa bado unatembea na hauzibwi mpaka kilichousababisha kipatikane. Teremsha timazi kwenye kila kona. Ukuta wenye unene wa sentimita 50 ulioinama zaidi ya sentimita 8 umetoka mikononi mwa fundi wa mtaani, tafuta mhandisi.

Mwisho tazama miguu ya kuta, ile nusu mita ya chini. Hapo utaona chumvi nyeupe, udongo uliolika kwa ndani kama panya ametafuna, au lipu ya saruji inayolia uwazi ukiigonga. Andika yote kwenye mchoro, chumba kwa chumba. Mchoro huo ndio utakaokusaidia kubishana na fundi kuhusu bei.

Msimu unakupangia kazi

Mvua za Tabora huanza Novemba na kuisha Aprili. Una miezi 6 mikavu, na udongo mnene haukauki kwa kulazimishwa. Mwezi wa Mei ni wa paa na mitaro. Juni na Julai ni za magogo na kushona kuta. Agosti na Septemba ni za lipu ya udongo, na Oktoba ni ya chokaa. Jiko na vyoo vipya vinaweza kujengwa sambamba, kwani ni kazi ya matofali na saruji ya kawaida. Ukichelewa ukaanza Agosti, fanya paa na mitaro tu mwaka huo, mengine yasubiri. Lipu ya udongo ikinyeshewa kabla haijakauka unaianza upya.

Paa: kushusha mzigo

Piga hesabu hii kabla ya kumpandisha mtu yeyote juu. Udongo wa sentimita 20 ukilowa una uzito wa kilo 360 hadi 400 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 4 kwa 5 kinabeba tani 7 hadi 8 juu ya magogo ambayo ncha zake hujui hali yake. Usiwaketishe wateja chini ya mzigo huo.

Egemeza dari kwanza. Weka mirunda yenye unene usiopungua sentimita 10 kila mita 1.2, ikisimama juu ya ubao mpana chini na kubeba ubao wa kukingama juu, ikakazwe kwa kabari mbili zinazoelekeana. Ndipo watu wapande, wakitembea juu ya mbao na si juu ya fito. Ondoa udongo kwa mistari ya mita 1, ukipishanisha pande mbili za chumba, na uteremshwe kwa ndoo papo hapo. Kosa linaloangusha dari ni kukusanya lundo mahali pamoja likisubiri toroli.

Kama kuna popo, kinyesi chao kinyunyizie maji kidogo kabla ya kukizoa, na kila mmoja avae barakoa nzuri. Vumbi lake lina vimelea vinavyoshambulia mapafu. Ziba matundu usiku baada ya popo kutoka, kwa wavu wenye tundu la milimita 6. Wavu wa milimita 12 wanapita.

Udongo ukishuka, magogo na fito hubaki kama dari la kuangaliwa tu, na juu yake unaweka paa jepesi linalojitegemea. Juu ya kuta laza mkanda wa mbao: mbao mbili za inchi 2 kwa 6 zikienda sambamba, zimeunganishwa kwa vipande vya kukingama kila sentimita 60 kama ngazi, zikikaa juu ya tabaka la udongo na chokaa. Mkanda huu husambaza uzito wa kenchi. Ukikalisha kenchi moja kwa moja juu ya udongo, kila mguu wa kenchi utachimba shimo lake.

Funga mkanda usiruke na upepo. Kila mita 1.5 toboa ukuta sentimita 60 hadi 80 chini ya kilele, pitisha waya wa mabati wa milimita 4, uzungushe kwenye kipande cha mti mgumu upande wa nje na ukaze juu. Kenchi ziwe kila mita 1.2 hadi 1.5, mabati ya geji 28, mwinuko wa nyuzi 15 au zaidi, na bati litokeze nje ya ukuta sentimita 70. Kati ya bati na dari la kale acha nafasi ya sentimita 60 yenye matundu ya hewa pande zote mbili. Nafasi hiyo ndiyo inayozuia joto la saa nane mchana lisishuke mezani, na ndiko fundi atakakopita kukagua.

Mifereji ya bati si ya hiari. Paa la mita za mraba 200 likipata mvua ya milimita 30 jioni moja linamwaga lita 6,000. Zikimwagika kwenye miguu ya ukuta, kazi yako yote ya kiangazi imeenda.

Magogo: kuokoa kabla ya kubadilisha

Gogo lililooza ncha moja haling'olewi. Kama kuoza kumeishia sentimita 30 hadi 40 kutoka ukutani, weka gogo pacha pembeni yake, jipya na zima, likiingia ukutani sentimita 25 kila upande, kisha yafunge pamoja kwa bolti za milimita 12 zenye washa pana za sentimita 5. Gogo la kale linabaki kuonekana, pacha ndilo linalobeba. Usiunge gogo katikati ya upana wa chumba hata kama fundi anakuapia; hapo ndipo linapokunjika zaidi.

Nguzo za baraza ni habari nyingine, kwa kuwa zenyewe huoza miguu. Egemeza boriti iliyo juu yake, kata mguu uliooza mpaka ufike mti mzima, kisha unga kipande kipya kwa kiungo cha mshazari chenye urefu wa mara 3 au 4 ya unene wa nguzo, bolti mbili au tatu. Mguu mpya usiguse ardhi. Ukae juu ya jiwe au zege lililoinuka sentimita 15 hadi 20 juu ya sakafu, na kati yake na zege uwepo mguu wa chuma unaoacha hewa ipite.

Boriti iliyolegea katikati usiipige jeki siku moja mpaka inyooke. Inua milimita 2 au 3 kwa siku, na uridhike ikibaki na mteremko kidogo. Ukuta umekwisha kuzoea umbo hilo kwa miaka mingi. Ukiunyoosha ghafla utapasuka mahali pengine.

Kuhusu aina ya mbao: mninga na mkola zinavumilia, zinachongeka na zinatoka misitu ya mkoa huu, lakini tumia moyo wa mti tu. Sehemu ya nje iliyo nyeupe huliwa na wadudu haraka hata kwenye mninga. Kwa kenchi zisizoonekana, msonobari uliotiwa dawa wa Mufindi ni nafuu na unatosha. Nunua mbao zenye alama ya nyundo ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, na dai hati ya kusafirishia. Mzigo ukikamatwa njiani, ujenzi ndio unaosimama. Mbao mbichi hukunjamana ndani ya miezi mitatu, kwa hiyo ziweke kivulini zikiwa na vijiti kati ya ubao na ubao kabla ya kuzifanyia kazi.

Mbao za ndani zote zipake myeyusho wa boraksi: kilo 1 ya boraksi na gramu 700 za asidi ya boriki kwenye lita 15 za maji ya moto, mara mbili, ukiacha siku moja katikati. Dawa hii haina harufu, lakini husombwa na mvua, hivyo haifai nguzo za nje. Oili chafu ya magari ambayo kila mtu atakushauri iache. Inanuka miaka miwili, inawaka, na chumba cha kulia hakiwezi kunuka gereji.

Mchwa

Mchwa wa Tabora hawahitaji utangulizi. Tafuta njia zao za udongo kwenye kona, nyuma ya fremu za milango na mahali baraza linapokutana na ukuta. Usizifute kwanza, fuata njia mpaka uone zinapotoka ardhini, halafu ndipo uvunje. Njia ikijengwa upya baada ya siku chache, kundi liko hai.

Dawa ya ardhini hutiwa kwenye mtaro mwembamba wa kina cha sentimita 30 kuuzunguka ukuta kwa nje, na mtu anayejua kipimo, kwa kiuatilifu kilichosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya viuatilifu. Isitiwe ndani ya chumba cha kulia, wala karibu na kisima. Kinga ya kudumu zaidi ni kuona: acha sentimita 15 za msingi zikiwa wazi kuuzunguka ukuta wote bila maua, bila kuni, bila makreti ya soda, na mtu azitazame kila mwezi.

Maji ya chini

Uwanja hupanda kadiri miaka inavyopita, kwa kufagia na kumwaga vifusi, mpaka nje panakuwa juu kuliko ndani. Chimba uwanja urudi chini ya sakafu kwa sentimita 15 hadi 20. Upe mteremko wa sentimita 5 kwa kila mita, kwa mita 2 za kwanza kutoka ukutani. Mtaro wa kokoto uwe mita 1 au zaidi kutoka ukutani, upana sentimita 40, ukielekea mbali na nyumba. Mtaro uliobandikwa mguuni mwa ukuta hupeleka maji pale pale unapoyakimbia. Chimba kwa jembe la mkono, kwani mara nyingi ukuta hauna msingi wa maana na grederi haitajua hilo.

Kushona kuta

Hapa ndipo pesa ndogo na uvumilivu mwingi vinahitajika. Ukuta wa udongo unarekebishwa kwa udongo unaofanana nao. Chukua kifusi kilichodondoka kwenye ukuta wenyewe, kiponde, kichekeche. Ndicho kiungo bora ulichonacho.

Kikipungua, pima udongo mpya. Jaza chupa ya plastiki ya lita 1.5 theluthi moja ya udongo, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa dakika 2, iache. Mchanga hutua ndani ya dakika moja, tope laini baada ya saa kadhaa, mfinyanzi kesho yake. Mfinyanzi ukiwa kati ya asilimia 15 na 30 ya kina chote, udongo unafaa. Ukizidi, ongeza mchanga. Ukipungua, ongeza udongo wa kichuguu. Udongo mweusi wa mbuga usiuguse: huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na hakuna mchanganyo utakaouponya.

Fyatua tofali mbichi za sentimita 30 kwa 20 kwa 10, zikauke kivulini wiki 3 au 4, ukizigeuza. Mita moja ya mraba ya ukuta wenye unene wa sentimita 40 inakula tofali takriban 50. Tofali za kuchoma usichanganye humu. Ni ngumu kuliko ukuta, na mahali pagumu panapokutana na laini, laini ndiyo inayolika.

Kwa miguu iliyolika, bandua lipu yote ya saruji kwanza, taratibu, kwa patasi, na uache ukuta wazi wiki 3 mpaka 4 utoe unyevu. Kisha kata udongo mbovu mpaka ufike sehemu ngumu, ukichonga ngazi zenye vitako bapa na si mteremko, ili tofali zikae. Fanya kipande cha sentimita 60 hadi 80 tu kwa wakati mmoja, ruka mita 1.5, fanya kingine. Nyunyizia maji kidogo, jenga kwa tope la udongo ule ule, na kozi ya mwisho juu ishindiliwe ikiwa karibu kukauka ili isiache uwazi ikisinyaa. Subiri wiki 2 ndipo urudi kwenye vipande ulivyoruka. Mafundi wengi hawapendi kazi hii kwa sababu haionekani kusonga. Walipe kwa siku, na si kwa mita.

Ufa uliokwisha kutulia unashonwa. Kila sentimita 50 za urefu chonga mfereji wa kulala unaouvuka ufa, sentimita 35 kila upande, kina sentimita 10, ujaze kwa tofali na tope. Katikati ya mishono jaza ufa wenyewe kwa tope jepesi lenye mchanga, ukilisukuma kwa kijiti mpaka likatae kuingia.

Lipu ya udongo na chokaa

Lipu ya kwanza: udongo 1, mchanga 2 hadi 3, na majani ya mpunga yaliyokatwa sentimita 3 hadi 5, yasipungue nusu ndoo kwa kila ndoo 4. Changanya, uloweke siku 3, ukanyage tena. Kabla ya kuipiga ukuta mzima, jaribu viraka vinne vya sentimita 30 kwa 30 vyenye mchanganyo tofauti. Kisichopasuka na kisichochubuka ukikisugua kwa kiganja ndicho chako. Unene uwe milimita 10 hadi 15. Kwangua mistari kabla haijakauka ili tabaka la pili, la milimita 5, lishike. Mita za mraba 100 zitakula karibu mita za ujazo 2.5 hadi 3 za mchanganyo.

Samadi ya ng'ombe ni nzuri kwa kuta za nje. Ndani ya mgahawa iache, si kwa ubaya wake bali kwa mjadala utakaouzaa na afisa afya.

Juu yake chokaa. Mifuko mingi inayouzwa kama chokaa imekaa ghalani mpaka imekufa, au ni chaki tangu mwanzo. Chukua kijiko kimoja, kamulia ndimu: ikitoa povu jingi haishiki tena, rudisha. Iliyo hai hutoa povu dogo sana. Iloweke kwenye pipa, ukimimina chokaa ndani ya maji, kamwe si maji juu ya chokaa, na iache wiki 2 ikiwa imefunikwa na maji. Glavu na miwani ni lazima. Chokaa jichoni hupofusha.

Changanya chokaa iliyolowekwa 1 kwa mchanga safi 3, ipige milimita 5. Kwa mita za mraba 100 utahitaji karibu mifuko 5 ya kilo 25. Hewa ya Oktoba ni kavu na ya moto, na chokaa inayokauka kwa siku moja hubaki unga. Tundika magunia yaliyolowa mbele ya ukuta, nyunyizia asubuhi na jioni kwa siku 5. Malizia kwa chokaa nyepesi kama maziwa, tabaka 4 au 5 nyembamba. Rangi ya plastiki, hata ile iliyoandikwa inapumua, iache dukani.

Sakafu na mlango

Usimwage zege juu ya karatasi ya plastiki kutoka ukuta hadi ukuta. Unyevu uliozibwa katikati ya chumba utahamia kwenye kuta, na mwaka wa pili utaona mstari wa maji uliokuwa haupo. Weka kokoto safi sentimita 15, juu yake zege la chokaa sentimita 10, kisha vigae vya udongo wa kuchoma. Kuuzunguka ukuta acha ukanda wa kokoto wa sentimita 15.

Viti vitakula lipu yako kuliko mvua. Mgongo wa kiti hugusa ukuta kati ya sentimita 75 na 95 kutoka sakafuni. Pigilia ubao wa mninga kwa kimo hicho kuzunguka chumba chote kabla ya kufungua.

Mlango wa nakshi usafishwe kwa brashi laini kavu, halafu kitambaa chenye unyevu kidogo. Sodakostiki na msasa vinafuta nakshi isiyorudi. Kupaka, tumia bidhaa ambayo Tabora haina upungufu wake: nta ya nyuki. Yeyusha kilo 1 ya nta ndani ya sufuria iliyokaa kwenye maji ya moto, si juu ya moto wenyewe, changanya na kilo 4 za mafuta ya kitani, ipoe iwe laini kama samli, paka nyembamba na sugua. Vitambaa ulivyotumia vianike wazi vikauke, kwani vikifungwa kwenye ndoo huweza kujiwasha. Mchanganyo huo huo unafaa meza.

Jiko, vyoo, umeme

Kila mteja ahesabiwe mita za mraba 1.4 hadi 1.5. Tembe lenye ukumbi wa mita za mraba 60 linabeba watu 40, na jiko lake liwe la mita za mraba 20 hadi 25. Lijenge mita 4 au zaidi kutoka ukuta wa kale, likiunganishwa kwa kibanda cha kupitia. Upepo wa kiangazi Tabora huvuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo jiko na sehemu ya nyama choma vikae magharibi ya nyumba. Moshi ukipita ukumbini miezi sita, chokaa yako itakuwa kahawia.

Kuta za jiko ziwe na vigae mpaka mita 1.8, sakafu iteremke sentimita 1 hadi 2 kwa mita kuelekea kwenye mfereji, sinki tatu za vyombo na beseni la peke yake la kunawa mikono. Kati ya sinki na mashimo jenga shimo la mafuta la lita 400 lenye vyumba viwili. Bomba la kutokea liwe na kiungo cha T kinachochota maji chini ya mafuta. Lizolewe kila wiki. Lisipozolewa, mafuta huganda kwenye bomba na maji ya jiko hurudi juu siku ya Jumamosi mgahawa ukiwa umejaa. Shimo la kufyonza maji liwe mita 15 kutoka tembe, mita 30 kutoka kisima chochote. Tenki nalo lisimame mbali, na bomba lake la kufurika lielekezwe mtaroni.

Nyaya zisizikwe ukutani. Zipite kwenye mabomba ya plastiki juu ya dari na zishuke juu ya uso wa ukuta, zikipakwa chokaa zisionekane. Panya hupenda nyaya tupu. Fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, na kikata umeme cha uvujaji ni lazima. Mitungi ya gesi ikae nje, kwenye kizimba chenye hewa.

Zimamoto watauliza njia ya pili ya kutoka, na watakuwa na haki, kwa kuwa dari lako ni la magogo na mlango wa nakshi hufunguka kwa ndani na una kizingiti kirefu. Wakati wa biashara ufunguliwe na kushikizwa wazi kwa ndoano ukutani. Mlango wa uani uwe na upana wa sentimita 90 na ufunguke kwa nje. Kwenye kizingiti weka ngazi ya mteremko ya mbao inayohamishika, sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo.

Msimu wa kwanza wa mvua

Mvua ya kwanza ya Novemba mtu azunguke nyumba na tochi usiku huo huo, atazame viungo vya mifereji na mahali maji yanapotuama. Nyufa nyembamba za chokaa zitatokea. Zipakwe maji ya chokaa, zitajiziba. Weka pipa moja la udongo uliochekechwa na moja la chokaa iliyolowekwa, vimefunikwa, nyuma ya jiko. Kila Mei paka chokaa tabaka moja upande wa magharibi na kusini, tabaka mbili kwenye baraza, na kagua ncha za magogo kwa bisibisi ile ile.